Wape swali kabla ya dodoso

Swali la msomaji: "Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari na ni mlezi wa klabu ya afya yenye wanafunzi 24, wengi wao wa miaka 15 hadi 17. Wanataka kufanya utafiti kuhusu afya ya watu wanaoishi kuzunguka shule, kisha watoe elimu. Kituo cha afya kilicho jirani kimekubali kutusaidia, na tayari kimetuletea dodoso lake lenye maswali 48. Walimu wenzangu wanasema hawa ni watoto, hawawezi utafiti wa kweli, watasumbua watu na kurudi na data isiyo na maana. Nianzie wapi? Na nitajuaje kwamba tumefanya kitu cha maana?"

Mwalimu, anza kwa kuliweka kando hilo dodoso la maswali 48. Silidharau, na huenda kituo kina sababu nzuri ya kuuliza kila kilichomo. Lakini ukiwagawia wanafunzi siku ya kwanza, utakuwa umewageuza makarani. Watapita nyumba kwa nyumba, watajaza visanduku, watakabidhi karatasi, na shughuli itaishia hapo. Sehemu ya utafiti inayofundisha kuliko zote, yaani kujiuliza tunataka kujua nini na tukishajua tutafanya nini, itakuwa imeshafanywa na mtu mwingine ofisini. Nimesimamia miradi ya namna hii kwa miaka mingi, na iliyokufa karibu yote ilikufia hapo. Wanafunzi walipewa maswali ya watu wengine, wakayabeba kama mzigo wa watu wengine.

Mwaka 1992, katika chapisho la UNICEF, Roger Hart alieleza ushiriki wa watoto kwa mfano wa ngazi yenye vidato 8. Vidato 3 vya chini hakuvihesabu kabisa kuwa ushiriki: watoto wanapotumiwa kwa ajenda ya wakubwa, wanapowekwa kama mapambo, na wanaposhirikishwa kwa jina tu. Mwanafunzi aliyevishwa fulana ya mradi na kushikishwa karatasi asiyojua itakwenda wapi yuko kwenye vidato hivyo, hata kama picha zimependeza. Kila unapopanga shughuli, jiulize: hili limeamuliwa na nani?

Sasa wenzako. Hofu yao ina msingi, maana data mbovu ipo na usumbufu upo. Wanapokosea ni kudhani kwamba chanzo chake ni umri. Nimeona madodoso yaliyojazwa na watu wazima wenye shahada, wakiwa wamekaa chini ya mti, bila kubisha hodi nyumba hata moja. Na historia ya fani yetu ya afya ya jamii ina mtu ambaye wanafunzi wako wanapaswa kumjua. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika eneo la Soho, London. Daktari John Snow alishuku pampu ya maji ya Broad Street, na tarehe 8 Septemba mpini wake ukang'olewa. Hiyo ndiyo nusu ya kisa inayosimuliwa. Nusu nyingine ni ya Henry Whitehead, kasisi msaidizi wa pale, ambaye hakuamini maelezo ya Snow na akaanza kuwatembelea watu akikusudia kuyapinga. Hakuwa daktari. Alichokuwa nacho ni kwamba watu wale aliwajua: nani anaishi na nani, nani amehama na kahamia wapi, mlango upi ufunguliwe kwa upole. Alirudi nyumba ileile mara kadhaa. Mwisho ushahidi aliokusanya mwenyewe ukamgeuza, na ni yeye aliyempata mtoto mchanga mgonjwa wa nyumba namba 40 ya Broad Street, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji machafu lililokuwa karibu kabisa na kisima cha pampu ile.

Wanafunzi wako wana kile alichokuwa nacho Whitehead. Wanajua bomba lipi hukauka, mtaro upi huziba mvua ikinyesha, bibi yupi hapendi kusumbuliwa asubuhi. Wanachokosa ni mbinu na subira, na vyote viwili hufundishika.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kisiwe cha mihadhara. Wagawe wawiliwawili, wape daftari na saa moja, watembee eneo linalozunguka shule bila kumhoji mtu yeyote. Waandike wanachokiona, wasiandike wanachokifikiria. Hapo utapata kazi, kwa sababu mwanafunzi ataandika "watu ni wachafu" badala ya "mapipa 2 ya taka, yote yamejaa, moja halina mfuniko". Warudishe nje mara ya pili ikibidi. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo utafiti wenyewe, na mwanafunzi akishaikamata, mengine yote yanakuwa rahisi kidogo. Wakirudi, kila mmoja alete maswali matatu. Utakuwa na maswali 72 ukutani, na kazi ya wiki mbili zinazofuata ni kuyachuja hadi libaki moja.

Nayachuja hivi. Kwanza, je, jibu linaonekana au linahesabika, au tutategemea watu watuambie wanachodhani tunataka kusikia? Pili, mtu anaweza kuumia kwa kutujibu? Tatu, nani atafanya jambo tofauti akilipata jibu? Hapo ndipo kituo cha afya kinapoingia. Mkaribisheni mhudumu mmoja, mumwonyeshe maswali matano yaliyobaki, mumuulize lipi likijibiwa litambadilishia kazi yake. Wakati huohuo ndipo mnaweza kulifungua lile dodoso lao na kuchagua maswali manne au matano yanayoshabihiana na la kwenu. Kituo kitapata kitu, na wanafunzi watabaki wenye kazi yao.

Kuhusu kuumia, naomba nisisitize, maana hapa ndipo nisipokuwa na mzaha. Mwanafunzi wako anapobisha hodi, kwa mwenye nyumba yeye ni mtoto wa jirani. Kinachosemwa mlangoni kinaweza kufika nyumba ya pili kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo klabu yenu isiulize majirani habari za maambukizi ya VVU, mimba, ugomvi wa ndani ya nyumba, matumizi ya dawa za kulevya au mawazo ya kujiua. Mambo haya ni mazito na yanawahusu vijana wenyewe, lakini yanahitaji watafiti waliofunzwa, mfumo ulio tayari wa kumpeleka mtu panapotolewa msaada, na njia ambayo hakuna anayemjua aliyejibu. Kuwafundisha wanafunzi kwa nini hatuulizi ni somo kubwa la maadili kuliko fomu yoyote ya ridhaa.

Fomu nazo zinahitajika. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, linataka mtafitiwa aelezwe, aelewe, na awe huru kukataa au kujitoa wakati wowote. Kwako wewe jambo hili lina pande mbili, kwa sababu wanafunzi wako wenyewe ni watoto kisheria karibu kila mahali. Mzazi au mlezi aridhie mwanafunzi kushiriki, na mwanafunzi mwenyewe naye akubali. Ridhaa ya mzazi haitoshi kama mtoto mwenyewe hataki. Muulizeni mhudumu wa kituo ni kamati ipi ya maadili ya utafiti inayohusika na eneo lenu, mpeleke mpango wenu mapema. Kamati nyingi huchukua muda, na ni afadhali mradi uchelewe kuliko uanze bila kibali.

Pale mlangoni, maneno yawe machache. Mwanafunzi ajitambulishe kwa jina na shule, aseme wanatafuta kujua nini, itachukua dakika ngapi, kwamba jina halitaandikwa, na kwamba mtu akikataa hakuna ubaya. Fanyeni mazoezi ya kukataliwa darasani. Mmoja awe mwenye nyumba aliyechoka, aseme "Leo sina nafasi", na mwenzake ajibu "Ahsante, samahani kwa usumbufu" kisha aondoke bila kununa na bila kubembeleza. Wanafunzi hudhani ridhaa ni saini kwenye karatasi. Wakishakataliwa mara tatu na kuondoka kwa heshima, wanajua ridhaa ni nini.

Mambo ya usalama nayapitia haraka kwa kuwa unayajua: watembee wawiliwawili, mchana, mtu mzima akiwa karibu na mwenye kupatikana, wasiingie vyumbani, wasipokee kitu. Orodha inayounganisha namba za nyumba na madodoso ikae kwako, imefungiwa, na ichanwe mradi ukiisha.

Turudi kwenye maswali, kwa sababu kuna kitu nataka ukione kwa karibu. Kikundi kimoja nilichokisimamia kilitaka kujua hali ya unawaji mikono. Swali lao la kwanza lilikuwa: "Je, unanawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni?" Niliwaambia wakalijaribu kwanza kwa wanafunzi 20 wa darasa jingine. Wakarudi wakiwa na furaha, wote 20 walikuwa wamesema ndiyo. Walikuwa tayari kuandika kwamba hali ni nzuri sana. Msichana mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, ambaye hakuwa msemaji, akasema kwa sauti ya chini: "Lakini vyoo vya hapa shule havina sabuni." Darasa likanyamaza. Hakuna muhadhara wangu wowote kuhusu upendeleo wa majibu, yaani watu kujibu kile wanachodhani kinatakiwa, uliowahi kufanya kazi kama sentensi ile.

Wakalifuta swali. Badala yake wakaandika: "Tunaomba utuonyeshe mahali mnaponawia mikono." Kisha wao waangalie tu: maji yapo au hayapo, sabuni ipo au haipo. Hivyo ndivyo tafiti kubwa za kaya zinazofuatwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF zinavyopima jambo hili, na watoto wale walifika pale kwa akili yao. Ndiyo maana nasema jaribio la awali lisirukwe hata kama muda umebana. Mwanafunzi ajisikie aibu kidogo kwa swali lake mwenyewe, alirekebishe, alijaribu tena. Atajifunza kutouliza mambo mawili kwa pamoja ("maji yenu ni safi na yanatosha?"), kutomwekea mtu jibu mdomoni, na kuuliza habari za jana badala ya "kwa kawaida", kwa kuwa kawaida ya mtu daima ni nzuri kuliko jana yake.

Ukinilazimisha nikuchagulie mada, na kama eneo lenu lina mbu, ningechagua viluwiluwi. Mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengi, chikungunya na Zika, hutaga kwenye vyombo vyenye maji yaliyotulia karibu na watu: mapipa, ndoo, matairi, visahani vya chini ya vyungu vya maua. Kwenye joto, yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10 hivi, ndiyo sababu kumwaga na kusugua chombo mara moja kwa wiki hukata mzunguko. Kusugua ni lazima kwa sababu mayai hugandia ukutani mwa chombo na huvumilia ukavu kwa miezi. Wanafunzi wako wa biolojia watafurahia kitu kimoja: kiluwiluwi cha Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji, wakati cha Aedes na cha Culex, mbu wa kawaida wa majumbani, huning'inia kichwa chini kikipumulia mrija ulio mkiani. Kwa tochi na kikombe cheupe, mwanafunzi anaweza kuona hilo kwa macho yake.

Na hesabu yake ni ya kweli kabisa, hesabu ileile inayotumiwa na wataalamu. Tuseme mmekagua nyumba 40 na 6 zikawa na viluwiluwi. Kiashiria cha nyumba ni asilimia 15. Tuseme mlikuta vyombo vya maji 120 na 9 vikawa na viluwiluwi. Kiashiria cha vyombo ni asilimia 7.5. Kiashiria cha Breteau, yaani vyombo vyenye viluwiluwi kwa kila nyumba 100, ni 22.5. Waulize wanafunzi kwa nini namba hizi tatu hazilingani na ipi ingemsaidia zaidi mtu anayetaka kupeleka watu wa kusafisha. Mtabishana nusu saa, na hiyo nusu saa ni ya thamani. Pia hakuna anayeaibika sana kwa kukutwa na viluwiluwi kwenye pipa, na mwenye nyumba anaweza kuchukua hatua papo hapo.

Presha ya damu ndiyo mada ambayo vituo vya afya hupenda kuwapa wanafunzi, na mimi huwa na wasiwasi nayo. Inawezekana, lakini mhudumu wa afya awepo mwenyewe. Mtu akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemezwa, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, ukanda wa kipimo uwe wa kumtosha mkono, na asizungumze. Vipimo viwe angalau viwili. Kipimo cha 140/90 au zaidi kinahitaji kurudiwa siku nyingine na mtaalamu, na kinachozidi 180/120 hakisubiri ripoti ya klabu. Swali la kujiuliza kabla ya yote ni nani atampokea mtu huyo saa ileile. Kama hakuna jibu, msipime. Kuchoma vidole na kutoa damu ondoeni kabisa kwenye mipango yenu.

Kuhusu nyumba za kuchagua, wafundishe kutochagua zile zenye watu wanaowafahamu. Kama kuna nyumba 300 na mnaweza kufika 60, chora ramani, hesabu kila nyumba ya tano, na nyumba ya kuanzia ipatikane kwa kura kati ya namba 1 na 5. Wakikuta hakuna mtu, warudi saa nyingine angalau mara mbili kabla ya kuandika kwamba hayupo. Wasihamie nyumba ya jirani. Anayepatikana nyumbani mchana si sawa na anayerudi usiku, na ukichukua wa kwanza tu utapata picha ya wazee na wasio na kazi ukaiita picha ya jamii nzima.

Idadi nayo iwape unyenyekevu. Kwa makadirio ya haraka, gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya nyumba. Kwa nyumba 60 unapata kama 0.13, maana yake ni kwamba asilimia mtakayopata inaweza kuwa juu au chini ya ukweli kwa pointi 13 hivi. Kwa 100 ni pointi 10, kwa 400 ni pointi 5. Kwa hiyo klabu haiwezi kusema "nyumba zisizo na sabuni zimepungua kutoka asilimia 48 hadi 44". Inaweza kusema "karibu nusu ya nyumba tulizotembelea hazina sabuni pa kunawia". Sentensi hiyo ya pili inatosha kabisa kuanzisha mazungumzo.

Data ikishaingia, usiwakimbizie kwenye grafu. Waambie wapange umri wa wote waliohojiwa, mmoja mmoja, kwenye ubao. Mara nyingi watashangaa kuona 30, 35, 40 na 45 zimerundikana huku 31, 34 na 37 zikiwa chache. Waulize: je, watu huzaliwa zaidi kwenye miaka fulani? Watagundua wenyewe kwamba wahojiwa hukadiria, na kwamba wao pia walisaidia pale waliposema "tuandike 40 basi?" Vivyo hivyo, kipimo kilichosomwa kwa macho huelekea kuishia na sifuri. Naipenda saa hii kuliko zote za mradi. Mwanafunzi aliyeona mkono wake mwenyewe ndani ya data hatasoma tena takwimu za mtu yeyote kama msahafu.

Umeuliza pia kuhusu elimu. Wengi huifanya kuwa mlango wa mwisho: utafiti umekwisha, sasa tupange siku ya hotuba, nyimbo na mabango. Sina ugomvi na nyimbo. Ila kumwambia mtu jambo analolijua tayari hakumbadilishi, na kijana kumhubiria mkubwa wake hakukai vizuri popote. Mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ulioanzishwa London mwaka 1978 kuelekea Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto wa 1979, David Morley akiwa miongoni mwa waasisi wake, ulijengwa juu ya wazo tofauti: watoto huchagua tatizo, hutafuta kulijua zaidi, hujadili walichokipata, hutenda, kisha hupima kama kuna kilichobadilika na kufanya tena vizuri zaidi. Elimu imo ndani ya kila hatua. Mwanafunzi anayemuuliza mama nyumbani "tufunike pipa hili?" ameshaelimisha.

Na kwa vijana wenzao, kuna ushahidi mzuri. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya ASSIST, jaribio la kupunguza uvutaji wa sigara kwa vijana, lililofanywa katika shule 59 za Wales na magharibi ya Uingereza, likiwa na wanafunzi zaidi ya 10,000 wa miaka 12 na 13. Wanafunzi wenyewe waliwataja wenzao wanaowasikiliza na kuwaheshimu. Hao waliotajwa wakafunzwa siku mbili nje ya shule, kisha kwa wiki 10 wakazungumza na wenzao kuhusu sigara katika maongezi ya kawaida tu, njiani, wakati wa chakula, kwenye basi. Katika miaka miwili iliyofuata, uvutaji ulikuwa mdogo zaidi katika shule hizo kuliko katika zile zilizoendelea na somo la kawaida. Zingatia aliyechagua. Walimu tungechagua wanaopata alama nzuri na wenye tabia njema, na pengine hakuna ambaye angewasikiliza. Kwa hiyo usiwateue wewe waelimishaji wa klabu.

Kabla hamjatoka nje ya lango, nashauri muanze na shule yenyewe: vyoo, mahali pa kunawia, maji ya kunywa. Ni mazoezi salama, na inaondoa unafiki wa kukagua nyumba za watu wakati kwetu kuna kasoro. Ila zungumza na mkuu wa shule mapema, mkubaliane kwa maandishi kwamba matokeo yatasomwa hata yakiwa mabaya. Nimewahi kuona kazi nzuri ya wanafunzi ikifungiwa kabatini kwa sababu ilionyesha vyoo visivyo na maji wiki ambayo wageni walikuwa wanakuja. Wale wanafunzi walijifunza somo siku ile, lakini silo tulilotaka kuwafundisha. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu na maoni hayo kupewa uzito. Ripoti iliyofungiwa kabatini haina uzito wowote.

Nitajuaje kwamba tumefanya kitu cha maana, umeuliza. Mimi huangalia mambo madogo. Kuna mwanafunzi aliyebadilisha mawazo kwa sababu ya alichokikuta? Wanaweza kueleza, bila kusukumwa, ni kipi ambacho data yao haiwezi kusema? Kituo cha afya kimefanya jambo moja tofauti, hata kama ni kuhamisha siku ya kutembelea sehemu fulani? Mkirudi baada ya miezi mitatu mkahesabu tena kwa njia ileile, namba imesogea? Isiposogea, hilo nalo ni jibu, na liandikwe kama lilivyo.

Jambo la mwisho ndilo ambalo karibu kila mtu huliahirisha. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nimesimama nyuma ya wanafunzi wawili mlangoni mwa mama mmoja. Aliwasikiliza hadi mwisho, akatabasamu, kisha akawauliza: "Na yale majibu ya mwaka jana yako wapi?" Kikundi kingine kilikuwa kimempitia mwaka uliotangulia, kikachukua nusu saa yake na kutoweka. Mvulana aliyeshika daftari alinigeukia, nami sikuwa na la kumwambia yule mama zaidi ya kuomba radhi. Tangu hapo siruhusu timu yangu kutoka bila siku ya kurudi. Chagueni siku hiyo sasa, kabla ya kitu kingine: siku gani mtawarudishia watu matokeo, wapi, na kwa lugha ipi wanayoielewa vizuri. Namba tatu tu zinatosha, zimechorwa kubwa kwenye karatasi, wanafunzi wenyewe wakieleza na kuacha nafasi ya watu kuwabishia. Ambaye hatafika apelekewe karatasi moja nyumbani. Kisha iandikeni tarehe hiyo kwenye karatasi ya ridhaa, juu kabisa, ili mwenye nyumba wa kwanza aisome kabla hajajibu swali lolote.